SOMO LA REDIO: KITAMBAA CHA MCHANGANYIKO NA NAMBA YAKE YA USHURU

Kila mmoja awe na daftari na penseli. Mwalimu wa kikundi, tafadhali weka mezani khanga moja, shati la tetroni, na kipande cha kitambaa cha ovaroli kama zile wavaazo wachimbaji wa Geita. Leo tutajifunza jinsi watu wa forodha wanavyokitambua kitambaa kilichotoka nchi za nje, na kwa nini jambo hilo linagusa mfuko wako.

Sisi wa Shinyanga na Geita tunaijua pamba tangu ikiwa shambani. Tunailima, tunaichuma, tunaipeleka kiwandani ikachambuliwe mbegu. Lakini sehemu kubwa ya pamba hiyo huuzwa nje ikiwa marobota, na nguo nyingi tunazovaa hurudi kwetu zikiwa zimefumwa kwingine. Zikifika bandarini hulipiwa ushuru. Ushuru huo huipa serikali fedha, na pia huvikinga viwanda vyetu. Mnunuzi wa mwisho ndiye anayeulipa, maana mfanyabiashara huuingiza katika bei.

Namba ya bidhaa

Kila bidhaa ina namba. Mpango wa namba hizi ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988, nao husimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, lenye makao yake Brussels. Tarakimu mbili za kwanza huonyesha sura. Nne za kwanza huonyesha kifungu. Sita za kwanza ni sawa kwa nchi zote zinazotumia mpango huo. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza umoja wake wa forodha mwaka 2005, imeongeza mbili, zikawa nane.

Andika katika daftari lako: Sura ya 52 ni pamba. Sura ya 54 ni nyuzi ndefu zisizokatika zilizotengenezwa kiwandani. Sura ya 55 ni nyuzi fupi za kiwandani, zinazosokotwa pamoja kama pamba. Poliesta ya tetroni mara nyingi ni ya namna hii ya pili.

Sura hizi tatu zinahusu kitambaa kilichofumwa kwa mtande na mshindio. Kitambaa cha fulana kinachonyumbuka hakimo humu. Hicho kina sura yake, ya 60.

Kipimo ni mizani, si macho

Je, kitambaa chenye pamba na poliesta pamoja kiitwe pamba au poliesta? Kanuni yasema hivi: kitahesabiwa kana kwamba chote ni cha uzi ule uliozidi kwa uzito. Pamba 60 katika mia na poliesta 40, hicho ni pamba. Poliesta 65 na pamba 35, hicho ni poliesta, hata kama mkononi kinahisi kama pamba.

Na zikilingana, 50 kwa 50? Huchukuliwa kifungu kilicho nyuma zaidi katika mpangilio wa namba. Hamsini na tano iko nyuma ya hamsini na mbili, basi kitambaa huingia Sura ya 55.

Sasa angalia mtego huu. Kitambaa kina pamba 40, poliesta 35 na viskosi 25. Mtu wa haraka atasema pamba imezidi. Sivyo. Kwanza hutafutwa sura, na Sura za 54 na 55 zikikutana na sura nyingine huhesabiwa kama sura moja. Poliesta 35 na viskosi 25 ni 60. Basi nyuzi za kiwandani zimeishinda pamba.

Baada ya hapo hutazamwa mambo mawili. La kwanza, je, uzi uliozidi unafika 85 katika mia? La pili, kitambaa kina gramu ngapi katika mita moja ya mraba? Kwa pamba mpaka ni gramu 200. Kwa poliesta fupi iliyochanganywa na pamba, mpaka ni gramu 170.

Unaweza kupima mwenyewe. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, ukipime kwa mizani ndogo kama ile ya wauza dhahabu, kisha zidisha kwa 100. Kikiwa na gramu 2.4, kitambaa hicho ni cha gramu 240.

Mfano wa mafundi cherehani

Tuseme kikundi cha mafundi wa Katoro kimeagiza kitambaa cha ovaroli. Ankara inasema tu "kitambaa cha pamba". Lakini lebo inasema poliesta 65, pamba 35, na uzito ni gramu 240. Uzi uliozidi ni poliesta fupi. Haujafika 85. Umechanganywa na pamba. Uzito umepita 170. Kifungu chake ni 5514. Kama pamba ingekuwa 60 na poliesta 40, kingekuwa 5211.

Mzigo ukiandikwa kwa ankara ile, forodha inaweza kuchukua sampuli na kuupeleka uchunguzi maabara. Wakati huo mzigo unalala, gharama za kuhifadhi zinapanda, na mafundi wamekaa bila kazi. Tena, kutoa maelezo ya uongo kwa forodha ni kosa la sheria. Kwa hiyo mwombe muuzaji aandike katika ankara aina ya nyuzi, kiasi cha kila moja, uzito, na kama kitambaa kimepaushwa, kimetiwa rangi au kimechapwa.

Hesabu ya fedha

Mwaka 2005 Jumuiya iliweka ushuru wa 25 katika mia kwa bidhaa zilizokamilika, lakini khanga, kikoi na kitenge viliwekwa kati ya bidhaa nyeti, 50 katika mia. Mwaka 2022 iliongezwa daraja la 35. Viwango hubadilishwa karibu kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Julai. Basi uliza kwanza ofisi ya Mamlaka ya Mapato.

Tufanye hesabu ya mfano. Mzigo, pamoja na nauli na bima, una thamani ya shilingi 1,000,000. Kwa ushuru wa 25, utalipa 250,000. Kodi ya ongezeko la thamani, 18 katika mia, hutozwa juu ya 1,250,000, yaani 225,000. Jumla 475,000. Kwa ushuru wa 50, utalipa 500,000 na kodi 270,000. Jumla 770,000. Tofauti ni shilingi 295,000, na ada nyingine hatujazihesabu.

Usiporidhika na namba uliyopewa, sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inakupa siku 30 za kumwomba Kamishna aipitie upya. Andika barua, ambatanisha sampuli na ankara, nawe ubaki na nakala. Hapo ndipo kujua kusoma na kuandika kunapookoa mali.

Maswali ya kikundi

1. Kitambaa kina pamba 50 na poliesta fupi 50. Kitaingia sura gani?
2. Kipande cha sentimita 10 kwa 10 kina gramu 1.5. Mita moja ya mraba ina gramu ngapi?
3. Ushuru wa nguo za nje ukipanda, mkulima wa pamba hupata nini? Fundi cherehani je? Jadilianeni, kila upande usikilizwe.

Kwaherini, ndugu wanakisomo.