Nyumba Zinazoegemea Mteremko

Mpe mtoto wa Darasa la Tatu wa Kiseke, Mwanza, karatasi, mwambie achore nyumba iliyo mlimani. Atavuta mstari unaopanda, kisha ataiweka nyumba juu yake, na kuta zake hazitasimama wima. Zitafuata mteremko, kana kwamba nyumba nzima inataka kuangukia bondeni. Miti nayo italala vivyo hivyo. Mwalimu mwenye haraka huweka alama ya kosa na kuendelea na daftari jingine.

Lakini mtoto huyo hakosei ovyo. Jean Piaget na mwenzake Bärbel Inhelder walieleza jambo hili katika kitabu chao cha mwaka 1948 kuhusu namna mtoto anavyofikiri juu ya nafasi. Waliwapa watoto mfano wa mlima, wakawataka waweke nguzo na miti. Wadogo walivielekeza vitu hivyo kwa kufuata mteremko, si kwa kufuata wima wa dunia. Wengi hutulia kwenye wima wanapofika miaka tisa hivi. Viktor Lowenfeld, katika kitabu chake cha 1947 kuhusu ukuaji wa ubunifu, aliongeza kwamba kati ya miaka saba na tisa mtoto hupanga dunia yake juu ya mstari mmoja wa chini, na kila kitu husimama juu yake. Mlima ukiwa ndio mstari wenyewe, nyumba itafanya nini isipokuwa kuinama nao?

Mtoto wa Mwanza hukulia katikati ya milima ya mawe yenye nyumba hadi juu, na hakuna anayeziona zikianguka. Bado kwenye karatasi anaziinamisha. Kwa hiyo kumwambia tu "angalia vizuri" hakumsaidii. Ameshaangalia. Kinachokosekana ni kitu cha kupimia kile anachokiona, na hapo ndipo andalio la somo linapoanza kuwa na kazi.

Mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo kuanzia Darasa la Tatu, na mwalimu analiandalia azimio la kazi na andalio la somo kama masomo mengine. Nadharia za ujifunzaji tulizokariri chuoni kwa ajili ya mtihani zimejificha kwenye safu mbili za andalio hilo: shughuli za ufundishaji na shughuli za ujifunzaji. Ukiandika "mwalimu atachora nyumba ubaoni" na upande wa pili "wanafunzi watanakili", umemfuata B. F. Skinner hata kama hukumtaja: mfano, marudio, alama ya vema. Si dhambi. Kushika brashi, kuosha vifaa na kukata karatasi kwa usalama hufundishwa hivyo hivyo, kwa kurudia mpaka mkono uzoee. Ila picha sabini za nyumba moja ya ubaoni hazimwambii mwalimu chochote kuhusu vichwa sabini vilivyozichora.

Sasa tuandae kipindi cha dakika 40. Utangulizi ni swali moja: fundi anajuaje kwamba ukuta wake umesimama? Darasa la Kiseke halikosi mtoto ambaye baba au mjomba wake ni mwashi. Atajibu: timazi. Basi kila kikundi kipewe uzi na kijiwe, watoke nje. Waning'inize uzi kando ya ukuta wa darasa, kando ya nguzo ya goli, kisha mahali ardhi inapoteremka. Watoto wataona wenyewe kwamba ardhi inabadilika na uzi haubadiliki.

Vikundi navyo visipangwe kwa madawati tu. Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alisisitiza umbali uliopo kati ya kile mtoto anachoweza peke yake na kile anachoweza akisaidiwa na anayemzidi kidogo. Anayechora nyumba wima akae na anayeinamisha, wabishane. Na kwenye safu ya mwalimu liandikwe swali, si jibu: "Uzi wako ukiwa mlimani unaelekea wapi?" Walimu wengi hupata shida hapo, kwa sababu mkaguzi akija hupenda kuona jibu.

Baada ya uzi, udongo. Wafinyange kilima, wasimike vijiti. Kuchora kuje mwisho. Mpangilio huu unatoka kwa Jerome Bruner, aliyesema maarifa hupita kwenye kutenda, kisha taswira, kisha alama. Karatasi zikiwa chache, mchanga wa uwanja na kijiti vinatosha, na pengine ni bora zaidi, kwa kuwa mchoro unafutika bila aibu.

Je, mtoto asahihishwe? Ng'ambo ya Ziwa Victoria, katika chuo cha Makerere nchini Uganda, suala linalofanana na hili liliwahi kuwagawa walimu. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa huko mwaka 1937, aliwasimulia wanafunzi tukio na kuwaachia walione akilini mwao. Hakutaka kuwabebesha kanuni za Ulaya za kuchora umbali. Kwake alipita Sam Ntiro wa Machame, mchoraji wa maisha ya vijijini Kilimanjaro. Cecil Todd alipompokea kijiti mwaka 1958 aligeuza mwelekeo: nadharia ya rangi, kuchora kwa kuangalia.

Hao walikuwa wanafunzi wakubwa, lakini kwa Darasa la Tatu naegemea kwa Trowell, na kwa Darasa la Sita kwa Todd. Mtoto wa miaka minane akiishika timazi na bado akainamisha nyumba, aachwe. Hajashindwa, na ukimlazimisha atanyoosha ukuta mmoja kwa kukuridhisha, kesho aurudishe. Kwenye safu ya tathmini, badala ya "wanafunzi wameweza kuchora nyumba", andika "mwanafunzi anaeleza kwa nini nyumba yake imesimama hivyo". Alama zitolewe hapo.

Mwalimu unayesoma hapa, kabla hujaandika andalio la wiki ijayo, waache watoto wachore nyumba ya mlimani bila maelekezo yoyote. Panga kazi zao mezani, uone ngapi zimeinama na ngapi zimesimama, ndipo ujaze safu zako.