Kihariri cha Kisasa au Skrini Nyeusi? Jibu kwa Vijana wa Sachangwan

Lori linalopakia mzigo bandarini Kilindini kwenda Uganda hupita Sachangwan. Ni kituo kidogo chenye baridi kali kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, baada ya kuupanda mlima kutoka Salgaa. Wengi wetu Pwani tunalijua jina hilo kwa msiba wa Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipoanguka na kushika moto, na watu zaidi ya 100 wakafa. Leo lakini sizungumzii ajali. Nazungumzia swali nililoulizwa huko wakati wa likizo ya shule, nami naona linawahusu pia vijana wetu wa Likoni, Kisauni na Malindi.

Shemeji yangu anayeishi huko huwakusanya vijana tisa kila Jumamosi na kuwafundisha kuandika programu za kompyuta. Laptopu ni nne, zote za mitumba, na mbili kati yake zina RAM ya giga 2 tu. Nilikuta ubishi umepamba moto. Waliokalia mashine nzuri walishikilia kwamba siku hizi programu haziandikwi bila vihariri vya kisasa vyenye rangi na madirisha. Waliokalia mashine kuukuu walikuwa wamefunguliwa skrini nyeusi yenye maandishi matupu, wakajiona wamepewa makombo. Binti mmoja wa kidato cha tatu akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mzee, kwani bila laptopu mpya mtu hawezi kuandika programu?"

Mimi nina stashahada ya teknolojia ya habari, na kazi hiyo ndiyo iliyonilisha kabla ya kalamu. Jibu langu kwake lilikuwa fupi: anaweza. Hapa nalieleza kwa urefu.

Kihariri ni nini?

Programu yoyote unayotumia, iwe ya kutuma pesa kwa simu au ya kukatia tiketi ya basi, ilianza kama maandishi. Mtu aliketi akaandika maagizo mstari kwa mstari, akayahifadhi kwenye faili, kisha kompyuta ikayasoma na kuyatekeleza. Chombo cha kuandikia maagizo hayo ndicho kihariri. Kompyuta haiulizi uliandika kwa chombo gani. Faili ni ile ile, herufi ni zile zile.

Vihariri viko vya aina mbili kubwa. Aina ya kwanza ni vya madirisha na kipanya. Kinachotamba leo ni Visual Studio Code, ambacho kampuni ya Microsoft ilikitambulisha mwaka 2015 na hukitoa bure. Kinapaka maneno rangi, kinapiga mstari chini ya kosa kabla hujaendesha programu, kinapendekeza neno linalofuata, na kinakuonyesha faili zako zote kando. Katika uchunguzi wa tovuti ya Stack Overflow wa mwaka 2023, karibu robo tatu ya waandishi wa programu waliojibu walisema wanakitumia.

Aina ya pili ni vya skrini ya maandishi. Havihitaji kipanya wala picha, kibodi inatosha. Maarufu ni vi na mrithi wake Vim, Emacs, na kidogo kiitwacho nano. Katika uchunguzi huo huo, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alisema anatumia Vim. Kwa hiyo anayesema vimekufa hajaulizia vizuri.

Kilizaliwa kwenye mtandao dhaifu

Vijana wengi hudhani vyombo hivi ni vigumu kwa sababu wazee walipenda mambo magumu. Sababu yenyewe ni nyingine. Kihariri cha vi kiliandikwa na Bill Joy mwaka 1976, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Alikuwa akifanya kazi kwa modemu iliyopitisha herufi kama 30 kwa sekunde. Hebu piga hesabu. Skrini ya wakati huo ilikuwa na mistari 24, kila mstari herufi 80, jumla herufi 1,920. Kuijaza mara moja kulichukua zaidi ya dakika nzima! Mtu aliyekwama kwenye laini kama hiyo hawezi kupoteza hata herufi moja.

Ndiyo maana amri za vi ni fupi mno. Ukibonyeza d mara mbili, mstari umefutika. Ukibonyeza u, umerudi ulivyokuwa. Herufi h, j, k na l hukupeleka kushoto, chini, juu na kulia, kwa sababu kwenye kibodi ya mashine aliyotumia Joy mishale ilichorwa juu ya herufi hizo. Kinachowachanganya wageni ni kwamba kihariri hiki kina hali mbili. Kikifunguka, kibodi inatoa amri, haiandiki. Ukibonyeza i ndipo unaandika. Ukibonyeza Esc unarudi kwenye amri. Ukitaka kuhifadhi na kutoka, unaandika :wq kisha Enter. Ukitaka kutoka bila kuhifadhi, :q! kisha Enter. Ukicheka kwamba huwezi kutoka, jua huko peke yako: swali la namna ya kutoka ndani ya Vim lilikuwa limesomwa mara milioni moja kwenye Stack Overflow kufikia mwaka 2017.

Nilipowaeleza vijana habari ya modemu ya Joy, waliielewa upesi kuliko mtu wa mjini. Huko kwao ukungu ukishuka na mvua ikinyesha, mtandao huja kwa kuvizia.

Nani anafaa wapi?

Nisiwadanganye. Kwa anayeanza, kihariri cha madirisha ni rahisi zaidi. Kosa la koma moja linaonyeshwa papo hapo, na mwanafunzi hapotezi jioni nzima akilitafuta. Kwa kazi kubwa yenye faili mamia, kuruka kutoka faili moja hadi nyingine na kusimamisha programu katikati uone kinachoendelea ni neema kubwa. Mwenye mashine inayoweza, akitumie.

Lakini neema hiyo ina bei. Visual Studio Code kimejengwa juu ya kivinjari kizima kilichofichwa ndani yake, na kikiwa wazi hula RAM ya mamia ya megabaiti. Kwenye laptopu ya giga 2, ambayo mfumo wake wenyewe umekwisha kula sehemu kubwa, kijana anabonyeza herufi na kuisubiri itokee. Vim kwenye mashine hiyo hiyo hufunguka kabla hujaondoa kidole.

Halafu kuna kazi yenyewe. Programu ikishaandikwa, mara nyingi huishi kwenye seva iliyo mbali, Nairobi au Ulaya, isiyo na kipanya wala skrini ya kutazama. Unaifikia kwa mtandao na kupata dirisha jeusi la maandishi. Visual Studio Code nacho kinaweza kuunganishwa na seva, ila lazima kwanza kipachike sehemu yake huko, na Microsoft yenyewe inataka seva hiyo iwe na RAM ya giga 1 au zaidi. Vi au ndugu yake kwa kawaida umo tayari kwenye seva ya Linux, na kinachosafiri kwenye laini ni herufi chache tu.

Sisi wa Pwani tuna sababu ya kulielewa hili. Nyaya za intaneti hupita chini ya bahari na kuibukia Mombasa. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikabaki na mtandao wa kujikongoja. Siku kama hiyo seva ya mteja ikigoma, anayejua kufungua faili kwa skrini nyeusi na kurekebisha mistari miwili ndiye anayeokoa jahazi. Nahodha wetu siku hizi wana mashine, lakini nahodha asiyejua kutweka tanga hatumpi abiria.

Hata Microsoft wameliona hilo. Mei 2025 walitangaza kihariri kidogo cha skrini ya maandishi kiitwacho Edit, kisichofika hata robo ya megabaiti.

Mzigo uliopita njia hiyo hiyo

Kuna jambo jingine niliwaambia vijana, na ndilo lililowanyamazisha. Vim iliandikwa na Mholanzi Bram Moolenaar, akaitoa kwa umma mwaka 1991. Mwaka 1994 alikwenda Kibaale, kusini mwa Uganda, akakaa mwaka mzima akijitolea kwenye kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto, eneo ambalo Ukimwi ulikuwa umeacha mayatima wengi. Aliporudi kwao alianzisha shirika la kuwachangia watoto hao. Vim akaendelea kuitoa bure, ila kwa miaka mingi ilipofunguliwa ilionyesha ujumbe wa kuomba msaada kwa watoto maskini wa Uganda. Moolenaar alifariki Agosti 3, 2023.

Kwa hiyo chombo kinachoitwa cha kizamani kimewasomesha watoto wa jirani zetu, mwisho wa barabara ile ile inayopita mlangoni mwa vijana wa Sachangwan. Si makombo hata kidogo.

Ushauri wangu

Kama laptopu yako ina giga 4 au zaidi, anza na kihariri cha madirisha. Ukishazoea, tenga wiki mbili ujifunze mambo manne tu ya skrini nyeusi: kufungua faili, kuandika, kuhifadhi na kutoka. Kama mashine yako ni dhaifu, weka Linux nyepesi na uanze na nano, ambacho huonyesha amri zake chini ya skrini. Vim itafuata, inshallah. Na ukija kupata mashine nzuri, hutapoteza ulichojifunza, maana Visual Studio Code hukubali kuongezewa vibonyezo vya Vim.

Kwa wazazi na walimu nasema hivi: msimrudishe mtoto nyumbani kwa sababu laptopu yake ni kuukuu. Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari, na kama tutangoja kila mtoto apate mashine mpya, watakaosoma ni wa matajiri peke yao. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Shamba la kazi hii ni kichwa, na binti yule wa kidato cha tatu analo tayari.