Ijue Deki Yako ya DVD, Uokoe Kumbukumbu za Familia

Katika nyumba nyingi za Mtwara, kutoka Mikindani hadi Msimbati na vijiji vya karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, deki ya DVD iliingia kwa fedha za korosho. Msimu ukiwa mzuri, watu walinunua deki, na arusi ya binti ikapigwa video na kuwekwa kwenye diski. Siku hizi wengi hutazama filamu kwenye simu au king'amuzi, na deki imewekwa kabatini. Lakini ndani ya kabati hilohilo mna arusi, kipaimara, nyimbo za kwaya, na pengine sauti ya bibi ambaye hatunaye tena. Mara nyingi hakuna nakala nyingine. Ndiyo sababu twaona yafaa kila mama aifahamu mashine hii, hata kama siku zake zinaelekea kwisha.

Soma nyuma ya deki

Kabla ya kuchomeka waya kwenye umeme, geuza deki usome kibandiko chake. Kikiwa kimeandikwa 100–240V, inafaa kwa umeme wetu wa volti 230. Kikiandikwa 110V au 120V peke yake, deki hiyo ilitengenezwa kwa nchi kama Marekani, na itaungua usipotumia transfoma. Wanaotumia umeme wa jua watafute yenye tundu la 12V.

Matundu yana rangi zake. La njano ni la picha. Jeupe na jekundu ni ya sauti. Ukisikia sauti bila kuona picha, angalia kwanza waya wa njano. Ukikuta kijani, bluu na jekundu pamoja, hayo yote matatu ni ya picha, hivyo usichanganye jekundu hilo na lile la sauti. Tundu pana lililoandikwa HDMI hupitisha picha na sauti kwa waya mmoja, nalo linafaa kwa televisheni bapa.

Namba 5.1 maana yake ni spika tano na moja ya besi. Kama nyumbani una spika mbili tu, ingia SETUP kwa rimoti uchague STEREO. Usipofanya hivyo, huenda muziki ukavuma huku maneno ya watu yakisikika kwa mbali.

Kwa nini diski inakataa?

Diski ikikataa, usikimbilie kulaumu deki. Kwanza, tazama aina yake. VCD huchukua video ya saa moja na kidogo, DVD ya kawaida huchukua saa mbili hivi kwa picha safi zaidi. Deki ya DVD husoma VCD, lakini deki ya VCD haiwezi kusoma DVD, kwa kuwa alama za DVD ni ndogo mno kwa leza yake.

Pili, watengenezaji wa filamu waligawa dunia kwa namba. Tanzania na Msumbiji zimo katika namba 5 pamoja na India. Oman na Ulaya Magharibi zimo katika namba 2. Marekani ni namba 1. Filamu ya dukani aliyokutumia ndugu wa Muscat inaweza kukataliwa na deki ya hapa. Diski ya arusi kwa kawaida haina kizuizi hicho.

Tatu, picha ikiwa nyeusi na nyeupe au ikipanda na kushuka, huenda ni mfumo. Televisheni zetu za chogo zilifuata PAL, na za Marekani NTSC. Chagua PAL au AUTO katika SETUP.

Nne, diski iliyorekodiwa na kamera yapasa kufungwa na kamera hiyohiyo baada ya kurekodi. Isipofungwa, deki nyingine huenda zisiisome.

Kufuli la watoto

Deki nyingi zina kufuli lenye ngazi 1 hadi 8 na namba ya siri. Ni msaada mzuri, ila hufanya kazi pale tu diski yenyewe ilipowekewa alama ya ngazi. Diski za kunakiliwa mitaani mara nyingi hazina. Basi kufuli haliwezi kuchukua nafasi ya mama anayejua watoto wake wanatazama nini.

Okoa kabla hazijafutika

Diski ya kurekodia haidumu milele. Ndani yake mna rangi maalumu iliyochomwa na leza, nayo huharibiwa na joto, mwanga wa jua na unyevu, mambo ambayo pwani yetu inayo tele. Zihifadhi zikiwa zimesimama ndani ya makasha, mbali na dirisha, wala usiziache juu ya televisheni. Ukifuta, tumia kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Petroli usiiguse kabisa. Deki nayo ifunikwe kuzuia vumbi na chumvi ya bahari, lakini ifunuliwe inapowaka, ipate hewa.

Tundu la USB kwenye deki kwa kawaida ni la kuchezea tu, halirekodi. Ili kunakili, tafuta kompyuta yenye sehemu ya DVD, unakili folda nzima iitwayo VIDEO_TS. Ukimpelekea fundi, kaa naye hadi amalize, kwa maana picha za familia si za kusambazwa. Tazama nakala yote kabla ya kulipa. Weka moja kwenye flashi nyumbani, na nyingine kwa ndugu anayekaa mbali, ili moto au wizi usichukue zote mbili.

Akina mama, tengeni jioni moja mwezi huu. Toeni diski zote, andikeni majina na tarehe kwenye makasha, kisha anzeni na zile zenye sura na sauti za waliotutangulia. Arusi ya jana ina mashahidi wengi walio hai. Sauti ya bibi huenda imebaki kwenye diski moja tu.