Kabla ya Maikro-RNA, Tupime Aota kwa Ultrasaundi

Aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, ukifika tumboni huwa na upana wa takriban sentimita 2 kwa mtu mzima. Ukuta wake ukilegea na upana ukafikia sentimita 3 au zaidi, madaktari husema aota imevimba. Uvimbe huo huweza kukua kwa miaka mingi bila dalili, na ukipasuka, takriban wagonjwa 8 kati ya 10 hufariki, wengi wao kabla ya kufika hospitali. Kwa mkazi wa Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, hospitali ya rufaa ya mkoa iko Songea, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, safari ya kama kilomita elfu moja. Aota iliyopasuka haisubiri safari hiyo. Kwa hiyo ugonjwa huu hauna budi kugunduliwa mapema, na habari za maikro-RNA, vipande vidogo vya kijenetiki vinavyotarajiwa kusaidia kuutambua uvimbe wa hatari kupitia damu, zinastahili kusikilizwa hata ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Lakini nashikilia kwamba sayansi hiyo haitawafaa watu wa wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, mpaka kwanza tujenge mazoea ya kuitazama aota kwa ultrasaundi.

Maikro-RNA ni vipande vifupi mno vya RNA, vyenye herufi za kijenetiki zipatazo 22. Jeni hutoa maagizo ya kutengeneza protini kupitia RNA mjumbe. Maikro-RNA hujibandika kwenye ujumbe huo na kuuzima au kuupunguza. Wamarekani Victor Ambros na Gary Ruvkun walilifichua jambo hilo mwaka 1993 walipochunguza mnyoo mdogo, na mwaka 2024 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Ukuta wa aota hupata uimara wake kutoka kwenye nyuzi za elastini na kolajeni na seli za misuli laini. Maikro-RNA za kundi la miR-29 hupunguza utengenezaji wa nyuzi hizo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipoizuia miR-29b katika panya, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uvimbe ulipungua kasi ya kukua. Mwaka huohuo walionyesha kwamba miR-21 hulinda: ilipoongezwa, uvimbe ulidhibitiwa hata kwa panya waliopewa nikotini. Kwa mkoa wa Ruvuma, ambako tumbaku hulimwa Songea na Namtumbo, matokeo hayo yanagusa jambo la karibu, kwa sababu uvutaji wa sigara ndio kichocheo kikubwa zaidi cha ugonjwa huu kinachoweza kuepukwa.

Kuna pengo ambalo maikro-RNA zinaweza kuliziba. Ultrasaundi hutuonyesha upana wa aota, lakini haituambii ni uvimbe upi utapasuka. Kwa kawaida upasuaji hufikiriwa uvimbe unapofika sentimita 5.5 kwa mwanamume, lakini baadhi hupasuka kabla ya hapo, na wengine huishi na uvimbe mkubwa bila kupasuka. Kipimo cha damu kinachotofautisha makundi hayo kingeokoa maisha na kuepusha upasuaji usio wa lazima. Hata hivyo, chembe nyekundu za damu zimejaa maikro-RNA zake. Chupa ya damu ikitikisika njiani kutoka ziwani kwenda maabara, au ikikaa muda mrefu kwenye joto, chembe hizo hupasuka na kuvuruga majibu. Malaria nayo huzivunja chembe hizo, na maambukizi kama VVU na kifua kikuu hubadilisha maikro-RNA zinazozunguka mwilini. Kipimo kilichothibitishwa kwa wazee wa Ulaya hakiwezi kuletwa Mbamba Bay kikaaminiwa bila kujaribiwa kwa watu wa huku.

Wapo watakaosema tusubiri dawa. Historia inatutaka tuwe waangalifu. Doksisaiklini ilipunguza uvimbe wa aota katika panya, lakini jaribio la Marekani lililotangazwa mwaka 2020 halikuonyesha faida yoyote kwa wagonjwa. Dawa ya majaribio ya saratani iliyoiga miR-34 ilisitishwa mwaka 2016 baada ya kinga za wagonjwa kuchachamaa vibaya na baadhi yao kufariki. Maikro-RNA moja hugusa jeni nyingi kwa mpigo, hivyo kuirekebisha kwenye aota bila kudhuru ini au figo bado ni kazi ngumu.

Wengine watauliza kwa nini wilaya yenye malaria na mahitaji makubwa ya uzazi ishughulikie ugonjwa unaodhaniwa kuwa wa Wazungu. Lakini presha, umri mkubwa na sigara vipo Mbinga pia, na Afrika kusini mwa Sahara uvimbe wa mishipa mikubwa umeonekana hata kwa vijana wenye VVU. Wala haitakiwi mashine mpya: ile inayompima mjamzito huiona aota kwa dakika chache, bila mionzi. Uingereza ilichapisha mwaka 2002 matokeo ya utafiti wa wanaume zaidi ya 67,000 wa miaka 65 hadi 74. Miongoni mwa walioalikwa kupimwa, vifo vitokanavyo na uvimbe huu vilikuwa vichache kwa takriban asilimia 42 kuliko kwa wasioalikwa. Hatuna uwezo wa kumwalika kila mzee. Tunaweza, mtu wa makamo mwenye presha au mvutaji anapolala kitandani kwa kipimo kingine cha tumbo, kuitazama aota yake na kuandika upana wake kwenye faili.

Kumbukumbu hizo zingemsaidia mgonjwa kwanza, maana angeshauriwa kuacha sigara, kutibu presha na kurudi kupimwa. Zingewasaidia pia watafiti, kwa sababu maikro-RNA haina maana ya kitabibu mpaka ilinganishwe na aota iliyopimwa mara kwa mara. Hospitali za Ruvuma zikianza kuandika vipimo hivyo sasa, sayansi itakapokomaa itawakuta wagonjwa wetu wakiwa wamehesabiwa ndani yake.