SANAMU KUBWA YA KAMAKURA

Wengi wenu mmetuuliza habari za safari yetu ya Japani, nasi hatuwezi kuyaeleza yote katika ukurasa mmoja. Basi leo twasimulia siku moja tu, ile tulipokwenda kuiona sanamu kubwa ya Kamakura. Maana siku ile tulipata fundisho, nasi tulilipata kwa aibu.

Tulikuwa walimu watatu pamoja na kijana mwenyeji aliyetuongoza. Tulitoka Tokyo asubuhi kwa treni, na baada ya mwendo wa saa moja hivi tukafika Kamakura, mji ulio kando ya bahari, ambao zamani ulikuwa makao ya watawala wa nchi hata mwaka 1333. Huko tukapanda treni ndogo mpaka Hase, kisha tukaenda kwa miguu. Tulipopita lango la hekalu liitwalo Kotoku-in, tukaiona: imeketi uwanjani pasipo paa, miguu imekunjwa, mikono i mapajani, macho yameinama. Kimo chake chapita mita 11 bila kuhesabu msingi, na uzito wake yapata tani 121. Ni sanamu ya Amida, ambaye Wabudha wengi wa Japani humtumaini awapokee katika nchi ya raha watakapokufa.

Kazi ya kuisubu kwa shaba ilianza mwaka 1252, kwa michango ya watu iliyokusanywa na watawa. Hapo kwanza ilipakwa dhahabu, nayo ilikaa ndani ya jumba kubwa la mbao. Lakini dhoruba za mwaka 1334 na 1369 zililibomoa jumba, na tangu mwisho wa karne ya 15 sanamu imekaa katika jua na mvua. Tetemeko kuu la mwaka 1923 liliuharibu msingi, bali sanamu haikuanguka. Miaka ya 1960 na 1961 mafundi waliitia shingo nguvu, wakautengeneza na msingi, ili nchi ikitetemeka sanamu iteleze kidogo pasipo kuvunjika.

Tukatoa ada ndogo, tukaingia ndani yake, maana i tupu. Mle mna giza, na mwanga huingia kwa madirisha mawili ya mgongoni. Twaliona maungio ya shaba, tabaka juu ya tabaka, jinsi mafundi walivyoipandisha. Ndipo mwenzetu mmoja akasema, "Kumbe ni tumbo tupu!" Akacheka, nasi tukacheka pamoja naye, na shaba ikaivumisha sauti yetu.

Tulipotoka tukamkuta bibi kizee amesimama, mikono ameifumbata, na mjukuu wake kando. Alikuwa ametusikia. Hakutukemea, alitutazama tu, kisha akamnong'oneza mtoto, naye akatuletea kijiti cha udi ili tukiwashe.

Hapo tukafadhaika. Wahenga walisema, ukenda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Lakini udi ule ni ibada, nasi tunaye Mmoja tu tumwabuduye. Tena kuusukuma mkono wa mtoto, baada ya kicheko chetu, kungekuwa kumtukana bibi mara ya pili. Mwenzetu yule aliyecheka akavua kofia, akainama mbele ya bibi, si mbele ya sanamu, akamwambia kwa kinywa cha kijana wetu, "Mama, utuwie radhi. Sisi twasali kwa njia nyingine, kwa hiyo hatuwezi kuuwasha udi huu. Lakini kucheka kwetu kulikuwa kosa." Bibi akainama naye, akatabasamu, akautwaa udi na kuuwasha mwenyewe.

Njiani tulimkumbuka Mtume Paulo kule Athene. Moyo wake ulichukizwa na sanamu za mji, lakini aliposimama mbele ya watu hakuwadhihaki. Alianza kwa kuutambua uchaji wao.

Ndugu wasomaji, nasi tuna nyumba zetu za sala, na wageni huingia humo. Twapenda waketi kwa adabu, wala hatuwalazimishi kupiga magoti. Basi tuwatendee wengine vivyo hivyo. Imani ya mtu haipungui kwa kuvua kofia, wala haizidi kwa kucheka.