Gari la viti saba: Mnunuzi wa Boito akague nini?

BONASI ya majanichai inapolipwa, aghalabu mwezi Oktoba, mazungumzo katika familia nyingi za Boito, Kaunti ya Bomet, hugeukia gari. Gari dogo la viti vitano haliwatoshi wazazi, watoto wanne na nyanya yao, na mvua inaponyesha tumbo lake hukwaruza udongo.

Hata hivyo, viti saba vya kwenye karatasi si viti saba vya watu wazima. Katika magari ya ukubwa wa wastani kama vile Nissan X-Trail na Mitsubishi Outlander, safu ya tatu ni ya watoto. Mtu mzima huketi magoti yakiwa yameinuka. Nyanya akae safu ya katikati. Tena viti hivyo vikikunjuliwa, gunia la viazi halina pa kuwekwa. Si kila X-Trail iliyo na safu hiyo, kwa hivyo anayeagiza kutoka Japani sharti aulize idadi ya viti, asiridhike na jina tu.

Aende kwa muuzaji na familia nzima, gari lijazwe, kisha liendeshwe mlimani. Gari lililojaa hushuka kuelekea ardhini na breki zake hufanya kazi zaidi. Kila kiti, hata cha nyuma kabisa, kiwe na mkanda unaofunga. Wanaoketi hapo wako karibu mno na mlango wa nyuma.

Jambo jingine ni nguvu za magurudumu. Mengi ya magari haya husukumwa na magurudumu mawili tu, ingawa kwa nje yanafanana na yale ya manne. Kwenye mteremko wa udongo mwekundu tofauti hujitokeza upesi.

Toyota Prado ni imara, lakini injini yake ya dizeli ya lita 2.8 huiweka katika kundi linalotozwa ushuru wa juu wa bidhaa, kwani mpaka wa dizeli ni lita 2.5. Mazda CX-8 ya dizeli ya lita 2.2 huepuka kundi hilo. Kasoro yake ni chujio la masizi, ambalo huziba gari likizoea safari fupi za sokoni na shuleni.

Gari linaloagizwa lisizidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, la sivyo halitaruhusiwa kuingia nchini.