Simu ya Kibla na Masikio Yake ya Siri

Zamani msafiri aliyetaka kujua kibla alitazama jua, au akauliza wenyeji. Siku hizi hutoa simu mfukoni. Programu ikishajua simu iko wapi, humwonyesha upande wa Makka na nyakati za sala za mji ule aliomo, awe Lamu au London. Mpaka hapo hapana ubaya, kwani bila kujua mahali hesabu hiyo haipigiki.

Yaliyofichuka mwezi wa Novemba 2020 ni mengine. Jarida la Motherboard la Marekani lilieleza kwamba Muslim Pro, programu iliyokwisha kupakuliwa zaidi ya mara milioni 98 duniani, ilikuwa ikiipelekea kampuni iitwayo X-Mode habari za mahali walipo watumiaji wake. X-Mode nayo ikiziuza kwa makandarasi, na kupitia kwao zikafika hata kwenye jeshi la Marekani.

Hila yenyewe ni nyepesi. Mwenye programu hupewa kipande cha programu nyingine akipachike ndani ya yake, naye akalipwa. Kipande hicho hakionekani wala hakilii. Kazi yake ni kunukuu: simu ni ya aina gani, iko wapi, saa ngapi, imeungana na Wi-Fi ya jina gani. Jina la mtu halimo, na wauzaji hupenda sana kulitaja hilo. Lakini, msomaji mpenzi, simu ilalayo nyumba moja kila usiku, na kila alfajiri ikaenda msikiti ule ule, yahitaji jina gani tena?

Muslim Pro walikana kuliuzia jeshi habari za watu, ila wakatangaza kukata uhusiano na X-Mode. Desemba ya mwaka huo Apple na Google wakakipiga marufuku kipande hicho. Serikali ya Marekani haikuiamuru kampuni hiyo iache kuuza habari za waendao mahali nyeti, nyumba za ibada zikiwamo, ila mwaka wa 2024!

Kwetu Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yahesabu mahali alipo mtu kuwa miongoni mwa vitambulisho vyake. Hata hivyo simu nyingi hukuwezesha kuinyima programu ruhusa hiyo, ukaandika mji wako kwa mkono. Nyakati za sala zitatoka vile vile. Na kwa aliye Mombasa kibla ni kaskazini. Ndiyo maana wazee wetu kaskazini yenyewe waliiita kibla.